Kubaki Chuoni, Kuruhusiwa Kucheza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Masomo ya Wachezaji wa Kikapu wa Vyuo vya Marekani

Majibu haya yanahusu Divisheni ya Kwanza ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani; hiyo ndiyo ngazi ya juu. Divisheni nyingine zimeguswa mwishoni. Maswali yana namba ili jibu moja lisirudiwe mara tatu.

## Mambo ya msingi

1. APR ni kitu gani?

Ni kifupi cha Academic Progress Rate, yaani kiwango cha maendeleo ya masomo: alama ambayo kila timu hupewa kila mwaka, kati ya 0 na 1000, kuonyesha kama wachezaji wake wanabaki chuoni na kama masomo yao yanawaruhusu kucheza. NCAA iliipitisha mwaka 2004, na takwimu za kwanza ni za mwaka wa masomo wa 2003–04.

Kabla ya hapo kipimo kikuu kilikuwa idadi ya wanaohitimu ndani ya miaka 6. Ubaya wake ni kwamba majibu yalikuja wakati kocha ameshahamia kwingine na wachezaji wenyewe wameshapata watoto. APR hupima kila muhula, kwa hiyo moshi unaonekana kabla nyumba haijaungua.

Haipimi akili wala ubora wa elimu. Timu yenye 1000 kamili inaweza kuwa na wachezaji ambao karibu wote wana alama za C.

2. Pointi zinahesabiwaje?

Kila muhula, kila mchezaji anayehesabiwa huweza kuiletea timu pointi 2. Ya kwanza ni ya kubaki: muhula unaofuata yumo kwenye orodha ya wanafunzi wa muda wote, au amehitimu. Ya pili ni ya sifa: amefaulu kiasi cha kuruhusiwa kucheza (swali la 8). Jumla ya pointi zilizopatikana hugawanywa kwa pointi zilizowezekana, kisha huzidishwa kwa 1000.

Chukua timu ya wanaume yenye wachezaji 13 wa ufadhili, kwenye chuo cha mihula miwili kwa mwaka. Mchezaji mmoja ana pointi 4 kwa mwaka, timu nzima 52. Ikipoteza pointi 1, ina 51 kati ya 52, yaani 981. Ikipoteza 2 inashuka hadi 962, na ikipoteza 3 hadi 942. Ya nne inaifikisha 923, na hapo imeshapita chini ya mstari wa 930.

Alama inayoamua adhabu ni ya miaka 4 kwa pamoja, si ya mwaka mmoja. Timu hiyo ina pointi 208 katika miaka 4. Inaweza kupoteza 14 na kubaki na 933, lakini ya 15 inaishusha hadi 928. Mwaka mpya unapoingia, mwaka wa zamani kuliko yote hutoka kwenye hesabu.

3. Nani anahesabiwa na nani hahesabiwi?

Kanuni ya kawaida ni kwamba anahesabiwa anayepokea ufadhili wa michezo. Mchezaji anayejilipia mwenyewe na kukaa mwisho wa benchi haingii kwenye hesabu, hata akiwa na A tupu. Ndiyo maana wastani mzuri wa darasani ambao timu hutangaza kwa mbwembwe unaweza kutofautiana sana na APR yake.

Vyuo visivyotoa ufadhili wa michezo, kama vile vya Ivy League, havikwepi. Kwao huhesabiwa wachezaji walioandikishwa kwa kutafutwa na makocha.

4. Namba 930 imetoka wapi?

NCAA ilikadiria kwamba timu yenye 930 itahitimisha takriban nusu ya wachezaji wake. Mwanzoni mistari ilikuwa miwili: 925 kwa adhabu za haraka, na 900 kwa zile nzito. Mwaka 2011 bodi iliamua kwamba asiyefikisha 930 kwa miaka 4 hachezi mashindano ya baada ya msimu, yaani yale ya Machi. Vyuo vilipewa miaka michache ya mpito. Vile vyenye fedha kidogo, vikiwemo vingi vilivyoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani weusi, vilipewa muda mrefu zaidi.

5. Mbona kikapu ndicho kinacholia zaidi?

Kwa sababu kikosi ni kidogo. Timu ya futiboli ya Kimarekani yenye ufadhili wa watu 85 ina pointi 340 kwa mwaka. Ikipoteza 4 inabaki na 988, watu wanapongezana. Kikapu cha wanaume kikipoteza 4 hizo hizo kina 923. Hata kikapu cha wanawake kina nafuu, maana kwa wachezaji 15 kina pointi 60, na ikitoka 4 bado ni 933.

Tangu msimu wa 2025–26, vyuo vilivyojiunga na makubaliano ya kesi ya House (kesi kuhusu malipo ya wanamichezo wa vyuo) vina ukomo wa wachezaji 15 kwa timu za wanaume pia. Wote 15 wakihesabiwa, kigawanyo kinapanda hadi 60.

Sababu nyingine ni msimu wenyewe. Kikapu huanza Novemba na kuisha Machi au Aprili, kwa hiyo kinakula mwisho wa muhula wa kwanza na karibu muhula wote wa pili. Mwezi Desemba mitihani na safari hugongana. Na tangu UCLA na USC za Los Angeles zilipoingia ligi ya Big Ten mwaka 2024, mechi ya kawaida ya ligi inaweza kuwa New Jersey.

## Mchezaji mmoja mmoja

6. Mwaka wa kwanza nahitaji nini ili nicheze?

Masomo 16 ya msingi ya sekondari na GPA (wastani wa alama, ambao A ni 4.0) ya 2.3 katika masomo hayo tu. Mgawanyo ni huu: Kiingereza miaka 4, hisabati miaka 3 kuanzia aljebra ya kwanza, sayansi miaka 2, sayansi ya jamii miaka 2, mwaka 1 wa ziada kati ya Kiingereza, hisabati au sayansi, na 4 nyingine ambazo zinaweza kujumuisha lugha ya kigeni au falsafa. Masomo 10 kati ya hayo 16 yawe yamekamilika kabla ya kuanza mwaka wa mwisho wa sekondari, na 7 kati ya hizo 10 yawe ya Kiingereza, hisabati au sayansi. Hayo 10 yakishafungwa, kurudia somo ili kupandisha alama hakusaidii tena.

Mitihani ya SAT na ACT, ile ya kuombea nafasi vyuoni, haihitajiki na NCAA tangu Januari 2023. Chuo chenyewe kinaweza kuidai kwa sababu zake, na hilo ni jambo jingine.

Mwenye GPA kati ya 2.0 na 2.299 anaweza kupewa ufadhili na kufanya mazoezi muhula wa kwanza, lakini hachezi mechi mwaka wote huo. Ili aendelee na mazoezi muhula wa pili, lazima afaulu krediti 9 (vipimo vya uzito wa masomo ya chuo) za muhula wa kwanza.

7. Nimesoma Tanzania, Kenya au Kongo. Vyeti vyangu vinasomwaje?

Kituo cha uhakiki cha NCAA kina mwongozo wa kila nchi unaosema cheti gani kinatambuliwa kuwa cha kuhitimu sekondari. Usitafsiri alama zako mwenyewe kwenda kwenye A, B, C za Marekani. Kituo hufanya hivyo kwa jedwali lake.

Utatuma rekodi za kila mwaka kuanzia mwaka wa tisa wa shule, pamoja na cheti cha mtihani wa taifa. Zilizo kwa Kifaransa au Kiswahili huambatanishwa na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa, na nakala ya lugha ya asili lazima iwepo vilevile. Watu wengi hukwama hapa: shule ya zamani imebadilisha mkuu, daftari la matokeo ya kidato cha kwanza halionekani, na barua huandikwa upya kwa kukumbuka. Rekodi mbili za mwaka uleule zisizolingana huchelewesha uhakiki kuliko rekodi iliyokosekana na kuelezwa waziwazi. Omba karatasi zako za kila mwaka ungali shuleni.

Angalizo kubwa kwa waliokaa nyumbani au kucheza ligi baada ya shule: muda huhesabiwa tangu tarehe ambayo mfumo wa nchi yako unatarajia mwanafunzi amalize sekondari, si tarehe uliyomaliza wewe. Aliyerudia darasa, au aliyehamishiwa sekondari ya Marekani na kushushwa madarasa mawili, anaweza kukuta masomo aliyoyasoma baada ya tarehe hiyo hayahesabiwi. Mawakala wanaowaambia wazazi kwamba kijana «atarudia kidogo tu» mara nyingi hawaligusi jambo hili.

8. Nikishaingia, natakiwa kufaulu kiasi gani?

Vipimo ni vingi na vyote vinatakiwa kwa pamoja. Kwa chuo cha mihula miwili:

- Kila muhula: usajiliwe kwa krediti 12 au zaidi, na ufaulu angalau 6.
- Kabla ya mwaka wa pili: krediti 24.
- Kila mwaka wa masomo: krediti 18 zilizopatikana katika mihula miwili ya kawaida.
- Kabla ya mwaka wa tatu: uwe umechagua shahada unayosomea na umemaliza asilimia 40 yake. Kabla ya mwaka wa nne ni asilimia 60, na kabla ya wa tano ni 80.
- GPA: asilimia 90 ya ile inayohitajika chuoni kuhitimu unapoanza mwaka wa pili, 95 mwaka wa tatu, 100 kuanzia wa nne. Pale kuhitimu kunapohitaji 2.0, ni 1.8, kisha 1.9, kisha 2.0.

Kwa shahada ya krediti 120, asilimia hizo ni krediti 48, 72 na 96. Ukikosa kipimo kimoja, pointi ya sifa imekwenda.

9. Masomo ya majira ya joto yanaokoa?

Yanaokoa baadhi. Krediti za kiangazi huingia kwenye zile 24 za mwaka wa kwanza na kwenye asilimia 40, 60 na 80. Haziingii kwenye 18 za mihula ya kawaida, wala kwenye 6 za kila muhula. Mchezaji aliyefaulu krediti 9 Desemba na 6 Mei ana 15, na hata akisoma kiangazi kizima hawezi kuzigeuza kuwa 18. Makocha wapya hushangazwa sana na hesabu hii.

10. Nina GPA ya 2.9 na nimeambiwa sistahili kucheza. Inawezekana vipi?

Inawezekana, na chanzo cha kawaida ni asilimia za shahada. Krediti huhesabiwa tu kama zinaingia kwenye shahada uliyochagua. Ukibadilisha kutoka biashara kwenda saikolojia mwishoni mwa mwaka wa pili, krediti 54 ulizo nazo zinaweza kugeuka 41 zinazotambulika, na ulihitaji 48.

Kuna mitego mingine midogo. Somo lililorudiwa huhesabiwa mara moja. D ni ufaulu kwa chuo, lakini kama shahada yako inadai C katika somo hilo, krediti hizo hazisogezi asilimia. Somo lililoachwa «halijakamilika» halihesabiwi mpaka alama ibadilishwe rasmi, na mhadhiri aliyesafiri likizo hawezi kuharakishwa.

Kabla ya kubadilisha fani, mwombe mshauri wa masomo wa timu akutolee karatasi ya ukaguzi wa shahada mpya na aandike asilimia yake kwa kalamu. Usikubali jibu la «utakuwa sawa».

11. Matokeo ya Desemba yanaweza kuniondoa katikati ya msimu?

Ndiyo. Ukifaulu chini ya krediti 6 muhula wa kwanza, muhula wa pili unaanza ukiwa umekaa nje, na ligi ndiyo kwanza imepamba moto. Timu zilizojipanga hukagua alama za nusu muhula mwezi Oktoba, maana kuanzia Novemba safari zinapoanza, mchezaji aliye nyuma kwenye masomo mawili ni nadra kuyakomboa yote. Ni afadhali kuliacha moja mapema na kulinda mengine, ilimradi hushuki chini ya krediti 12.

12. Kanuni ya saa 20 inasemaje?

Mazoezi ya lazima hayazidi saa 4 kwa siku na 20 kwa wiki wakati wa msimu, na siku moja ni ya mapumziko. Siku ya mechi huandikwa saa 3, hata kama umetoka hotelini asubuhi na kurudi usiku. Safari, matibabu ya misuli na mazoezi ya «hiari» hayamo kwenye saa hizo. Panga ratiba yako ya kusoma ukijua kwamba 20 ni namba ya karatasini.

## Kuondoka na kurudi

13. «Sifuri kwa mbili» ni nini?

Ni mchezaji anayeondoka chuoni huku pia masomo yake hayamruhusu kucheza. Timu inakosa pointi zote 2 za muhula huo. Wakiondoka hivyo wawili mwaka mmoja, timu ya watu 13 ina 923, hata kama wengine 11 ni wanafunzi bora.

Hapa ndipo APR ya kikapu inapojengwa au kubomoka. Timu chache huanguka kwa sababu kikosi kizima hakisomi. Zinaanguka mlangoni: mchezaji ameudhika Februari, ameacha kuingia darasani Machi, Aprili amefungasha. Wiki 4 za mwisho za muhula wake wa mwisho zina thamani kubwa kwa timu kuliko A za nahodha. Kwa hiyo programu makini humhudumia anayeondoka kwa bidii ileile kama anayebaki: mwalimu wa ziada haondolewi na nauli ya kurudi nyumbani hukatwa baada ya mtihani wa mwisho. Kumfungia mtu huyo ukumbi wa kusomea kwa hasira ni kujipiga risasi mguuni.

14. Mchezaji akihamia chuo kingine timu inapoteza?

Inategemea GPA yake. Anayeondoka akiwa na 2.6 au zaidi, masomo yake yanamruhusu kucheza, na akaingia moja kwa moja kwenye chuo kingine cha miaka minne, pointi yake ya kubaki huondolewa kwenye hesabu. Timu inapata 1 kati ya 1. Mwenye 2.5 anaiachia timu 1 kati ya 2. Aliyefeli anaacha sifuri kwa mbili.

Kwa mchezaji mwenyewe, tangu Aprili 2024 NCAA haihesabu tena umehama mara ngapi. Inauliza kama uliondoka ukiwa na sifa za kimasomo na kama unatimiza asilimia za shahada kwenye chuo kipya. Sharti hili la pili ndilo linalouma. Chuo kipya huamua krediti zipi zinaingia kwenye shahada yake, na aliyehama mara 3 anaweza kuwa na krediti 100 kwenye transkripti na 60 zinazofaa. Omba tathmini ya krediti iliyoandikwa kabla ya kusaini.

Inawezekana kuhama katikati ya mwaka. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi alitoka West Virginia Januari 2021 akaenda Kentucky, na mwaka 2022 akawa mchezaji bora wa taifa wa vyuo.

15. Anayekwenda NBA baada ya mwaka mmoja anaiangusha timu?

Si lazima. Anayeondoka kucheza kulipwa akiwa na sifa za kimasomo, pointi yake ya kubaki inaweza kuondolewa kwenye hesabu kama ya anayehama. Tatizo ni kalenda. Msimu unaisha mwanzoni mwa Aprili, muhula unaisha Mei, na katikati wakala anamtaka mchezaji California kwa mazoezi ya kuonekana. Akiacha madarasa hafikishi krediti 6, na nafuu hiyo inafutika. Vyuo vinavyozalisha wachezaji wa NBA kila mwaka huzuia hili kwa kuwapangia masomo yanayoisha mapema au yanayoweza kumaliziwa wakiwa mbali.

16. Aliyeondoka zamani akirudi kumaliza shahada, timu inafaidika?

Ndiyo. Aliyepoteza pointi alipoondoka, kisha akarudi na kuhitimu, huiletea timu pointi 1 ya nyongeza. Inaongezwa juu ya mstari, kigawanyo hakibadiliki: 48 kati ya 52 inakuwa 49 kati ya 52, na 923 inapanda hadi 942. Timu iliyo ukingoni na isiyowapigia simu wachezaji wake wa zamani inachezea bahati.

## Adhabu na fedha

17. Timu ikishuka chini ya 930 inafanywa nini?

Kwanza, haichezi mashindano ya baada ya msimu, hata ikiwa imeshinda mechi zote. Zaidi ya hapo kuna ngazi 3. Ya kwanza hupunguza mazoezi kutoka saa 20 hadi 16 kwa wiki na kutoka siku 6 hadi 5, na muda uliokatwa lazima utumike kwa masomo. Ya pili huongeza kupunguzwa kwa mechi. Ya tatu ni kapu la adhabu: kukatwa ufadhili, kusimamishwa kocha, hadi uanachama wa chuo kuwekewa mipaka.

Chuo kinaweza kuomba msamaha kikiwa na mpango wa maandishi. Wakati wa janga la korona adhabu zilisitishwa kwa muda.

18. Kuna timu kubwa iliyowahi kufungiwa kweli?

Connecticut, chuo alichochezea Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam kabla ya Memphis ya NBA kumchagua wa 2 mwaka 2009. Timu yake ya wanaume ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 2011. Lakini APR yake ya mwaka wa masomo 2009–10 ilikuwa 826. Mwaka uliofuata walipanda hadi 978, na haikutosha: wastani wa miaka hiyo miwili, ambao nao ulitazamwa wakati wa mpito, ni 902. Maombi ya msamaha yalikataliwa, na msimu wa 2012–13 walishinda mechi 20 kati ya 30 kisha wakakaa nyumbani Machi. Mwaka 2014 walirudi, wakachukua ubingwa tena.

Machi ileile waliyofungiwa wanaume, wanawake wa Connecticut walikuwa wakielekea kuchukua ubingwa wao wa 2013. Adhabu hufuata timu, si chuo kizima. Alama ya kila mwaka pia huandikwa kwa jina la kocha mkuu, na NCAA huziweka hadharani, kwa hiyo akihama haachi historia yake nyuma.

19. Kuna fedha kwa wanaofanya vizuri?

Zipo. Tangu 2019–20 sehemu ya mapato ya mashindano ya Machi hugawiwa kwa kigezo cha masomo. Chuo kinastahili kikitimiza kimoja kati ya vitatu: APR ya mwaka ya 985 au zaidi, kiwango cha kuhitimu cha NCAA cha asilimia 90 au zaidi, au wanamichezo wake kuwapita wanafunzi wengine wote kwa pointi 13 za asilimia katika kiwango cha kuhitimu cha serikali.

20. Mbona chuo kimoja kina viwango viwili vya kuhitimu?

Cha serikali humhesabu aliyehama kuwa hakuhitimu, hata kama alihitimu kwa heshima kwingine. Cha NCAA, kiitwacho GSR, humtoa aliyeondoka akiwa na hali nzuri kimasomo na humwingiza aliyehamia. Vyote hutazama miaka 6. Kwenye kikapu, ambako watu huhama kila kiangazi, pengo kati ya viwili hivyo huwa kubwa, na chuo hutangaza kinachokipendeza.

## Mambo ya pembeni

21. Nipo kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni. Kuna la ziada?

Lipo, na lina uzito kuliko APR. Viza yako pia inadai krediti 12, na kwa kila muhula somo 1 tu la mtandaoni, au krediti 3, ndilo linaloingia kwenye hizo 12. Mmarekani mwenzako anaweza kusomea masomo yote hotelini, wewe hapana. Mshauri wa masomo wa timu anaweza asilijue hili, maana kwa NCAA ratiba hiyo ni halali.

Kuacha somo na kushuka hadi 11 bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni kunaweza kukufutia hadhi ya viza. Pata idhini kwanza, ndipo uache. Hata muhula wa mwisho, ambao NCAA na sheria za viza zote huruhusu pungufu ya 12 kama ndizo zilizobaki ili uhitimu, idhini lazima itangulie.

Mapato ya kutumia jina na sura yako ndani ya Marekani pia yanagusa viza. Ndiyo maana Tshiebwe alifanya kazi zake za matangazo Bahamas, timu ilipokuwa ziarani Agosti 2022.

22. Chuo chetu kina mihula 3 kwa mwaka. Hesabu inabadilikaje?

Mchezaji ana pointi 6 kwa mwaka, na timu ya watu 13 ina 78. Krediti 24 zinakuwa 36, na 18 zinakuwa 27, lakini za kila muhula zinabaki 6. Faida ni kwamba kosa moja linauma kidogo: ukipoteza 4 kati ya 78 una 949. Hasara ni kwamba kuna milango 3 ya kutokea badala ya 2.

23. Je, kanuni hizi hazisukumi vyuo kutafuta masomo mepesi?

Zinasukuma, na si jambo la kuficha. Asilimia 40 kabla ya mwaka wa tatu hufanya uhandisi kuwa mgumu kwa mchezaji aliyeanza na hisabati ya marudio, na utakuta nusu ya kikosi kwenye fani moja inayokubali krediti za kila aina.

Kuvuka kutoka wepesi kwenda udanganyifu ni hatua fupi. Chuo Kikuu cha Georgia kiliwahi kuwa na darasa la ukocha wa kikapu lililofundishwa na kocha msaidizi mwaka 2001, na mtihani wake wa mwisho uliuliza kikapu cha pointi tatu kina thamani ya pointi ngapi. Wanafunzi wote walipata A. Minnesota, ambako mfanyakazi wa ofisi ya masomo alifichuliwa mwaka 1999 kwamba aliwaandikia wachezaji kazi zao kwa miaka, ilifutiwa rekodi ya kufika nusu fainali ya 1997.

Mpaka ni huu: mwalimu wa ziada anaweza kuuliza, kueleza na kuonyesha kosa lilipo. Akishika kibodi yako, mmevuka.

24. Nikiugua au nikifiwa katikati ya muhula?

Usiache masomo kimyakimya. Mfuatano unaofanya kazi ni huu: mwambie mshauri wa masomo siku hiyo hiyo, pata barua ya daktari yenye tarehe za ndani ya muhula huo, kisha omba somo liwekwe «halijakamilika» au uondolewe kwa sababu za kiafya. Chuo ndicho kinachopeleka ombi la marekebisho NCAA, na kinahitaji karatasi za wakati ule. Barua iliyoandikwa miezi 5 baadaye ikisema ulikuwa mgonjwa haina nguvu. Kwa msiba wa nyumbani Afrika Mashariki, beba cheti cha kifo au kibali cha mazishi na tiketi. Picha za simu peke yake zinaweza zisikubaliwe.

25. Divisheni ya Pili, ya Tatu na vyuo vya miaka miwili vina APR?

Hapana. Divisheni ya Pili ina kipimo chake cha kuhitimu, lakini hakina mstari wa 930 wa kuifungia timu. Ya Tatu haitoi ufadhili wa michezo kabisa. NAIA ni chama kingine chenye kanuni zake za krediti.

Anayepitia chuo cha miaka miwili aangalie mlango wa kuingilia Divisheni ya Kwanza: GPA ya 2.5 katika krediti zinazohamishika. Kama sekondari hakutimiza masharti ya swali la 6, anatakiwa pia ahitimu chuo hicho, awe na krediti 48 zinazohamishika, zikiwemo 6 za Kiingereza, 3 za hisabati na 3 za sayansi asilia. Zile 3 za hisabati zichukuliwe muhula wa kwanza au wa pili. Ukiziacha za mwisho na ukazifeli, hakuna muhula mwingine wa kuzirudia kabla ya Agosti.